Kutoka Sindano ya Buba hadi Pufya: Dawa na Wakimbiaji wa Kawaida katika Nchi ya Wagusii

Historia ya riadha ya Kenya huandikwa mara nyingi kana kwamba ilianzia Bonde la Ufa na kukomea huko, ilhali baadhi ya majina ya kwanza ya mbio za masafa marefu kutoka koloni hilo kusikika ng'ambo yalitoka katika vilima vya Wagusii, eneo ambalo leo limegawanywa kuwa kaunti za Kisii na Nyamira. Nyandika Maiyoro alikimbia London na Vancouver mwaka 1954, akamaliza wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 na wa sita kule Roma mwaka 1960. Arere Anentia alileta medali ya shaba ya maili sita kutoka Cardiff mwaka 1958. Naftali Temu akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968. Na kati ya vijana wanne waliotwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mjini Munich mwaka 1972, watatu, yaani Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko, walikuwa Wagusii. Yobes Ondieki alifuata baadaye, akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991 na, mnamo Julai 1993 mjini Oslo, binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Orodha hii imesimuliwa sana na haihitaji kurefushwa. Lisiloandikwa sana ni historia ya dawa iliyokwenda sambamba na mbio hizo, na hasa historia ya dawa katika mikono ya watu ambao hawakuwa mabingwa: mkimbiaji wa daraja la pili anayetafuta zawadi ya mji mdogo wa Ulaya, mwalimu anayekimbia Jumapili asubuhi, na mkongwe aliyekwisha kustaafu lakini ambaye miguu bado inamdai.

Neno pufya, ambalo magazeti ya Kiswahili ya Kenya hulitumia kwa dutu zote zilizopigwa marufuku michezoni na ambalo wengine hulieleza kwa kusema dawa za kututumua misuli, ni jipya kuliko jambo lenyewe, na faida yake ni kwamba linaitenga dutu iliyokatazwa na dawa ya kawaida. Katika mazungumzo ya kila siku mpaka huo haupo. Dawa ni kidonge cha malaria, ni sumu ya kunyunyizia wadudu wa kahawa, ni mzizi wa mganga, na ni hirizi ya kumkinga mchezaji dhidi ya jicho la mpinzani. Ekegusii nacho kina neno amariogo, ambalo hubeba mzigo wote huo pamoja na ule wa uchawi. Wala jamii hii haikuwa ngeni kwa tiba nzito. Ababari, yaani wapasuaji wa jadi waliofungua ngozi na kukwangua fuvu la mtu aliyeumwa na kichwa baada ya kupigwa au kuanguka, waliendelea na kazi yao hadi nusu ya pili ya karne ya 20, na madaktari wa kigeni walifunga safari kuja kuwatazama. Mwili, kwa fikra hiyo, ni kitu kinachoweza kurekebishwa na mtu mwenye ujuzi, na hakuna aibu katika kumwendea.

Juu ya msingi huo ilikuja sindano. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni dhidi ya buba, ugonjwa wa vidonda vinavyoenea ngozini na hatimaye kula mifupa, ambao ulikuwa umezagaa katika sehemu nyingi za Kenya, Nyanza ikiwamo. Dawa zilizotumika, kwanza zile za aseniki na baadaye za bismathi zilizokuwa nafuu zaidi, zilidungwa kwa sindano, na matokeo yake hayakuwa na mfano: mtu aliyeishi na vidonda kwa miaka aliona vikikauka baada ya kudungwa mara chache tu. Watu waliokuwa wakiikwepa zahanati kwa sababu ilihusishwa na kodi na uandikishaji wa wapagazi wa vita walianza kuja wenyewe, wakadai sindano hata kwa maradhi ambayo hayakuihitaji. Wanahistoria wa tiba Afrika Mashariki wanaona katika kampeni hizo chanzo cha imani ambayo haijaisha hadi leo, kwamba dawa iendayo moja kwa moja mwilini ina nguvu kuliko ile ya kumeza, na kwamba mhudumu asiyedunga hajatibu. Imani hii ni ya kukumbukwa pale itakapofika zamu ya kuzungumzia wanariadha, kwa sababu mtu aliyelelewa na bibi aliyeponywa buba hakuhitaji kushawishiwa na mtu yeyote kwamba kuna nguvu ndani ya bomba la sindano.

Wakati huohuo mchezo wa riadha ulikuwa ukipandwa katika shule, misheni na baraza za machifu, chini ya kanuni iliyoitwa ya ridhaa. Mwanamichezo wa ridhaa, kwa tafsiri ya wakati ule, ni yule anayeshindana kwa kupenda, bila malipo, na ambaye akipokea fedha kwa kukimbia hupoteza haki ya kushiriki. Kanuni hiyo ilitungwa na matajiri wa Uingereza waliokuwa na mapato mengine, na ilipoletwa kwa mkulima wa Kisii ilimaanisha kwamba kasi yake ingeweza kumfikisha Australia lakini isingeweza kumnunulia ng'ombe. Jina lake lilimaanisha hiari, ingawa hiari ya mtu asiye na kitu ni jambo la kujadiliwa. Hata hivyo kanuni hii ilikuwa na tokeo moja ambalo walioibuni hawakulikusudia: ilifanya iwe vigumu kwa yeyote kuona faida ya kununua nguvu za dukani, kwa kuwa mwishoni mwa mbio hapakuwa na kitu cha kurudisha gharama.

Kwingineko duniani mambo yalikuwa tofauti. Thomas Hicks, mshindi wa marathoni ya Olimpiki ya St. Louis mwaka 1904, alipewa njiani na wasaidizi wake striknini, yaani sumu ambayo kwa kiasi kidogo huchangamsha mishipa ya fahamu, pamoja na ute wa yai na brandi, na hakuna kanuni aliyoivunja. Shirikisho la kimataifa la riadha lilipiga marufuku vichangamshi mwaka 1928, likiwa la kwanza kati ya mashirikisho ya michezo kufanya hivyo, lakini marufuku isiyo na kipimo cha maabara ilibaki kuwa onyo la karatasi kwa miaka 40. Nyandika alipotimka mbele katika mizunguko ya mwanzo ya mbio za maili tatu pale London mwaka 1954, mbio ambazo Waingereza Fred Green na Chris Chataway walizimaliza kwa rekodi ya dunia, watazamaji walijiuliza kuhusu miguu yake na ujasiri wake wa kuongoza. Hakuna aliyejiuliza kuhusu mkojo wake, kwa sababu swali hilo halikuwa limezaliwa.

Lilizaliwa rasmi mwaka ule ule na katika michezo ile ile ambayo ilimpa Temu dhahabu yake. Tarehe 13 Oktoba 1968, katika hewa nyembamba ya Mexico City, kijana huyo wa Nyamira alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia katika mita za mwisho na kushinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Hiyo ndiyo ilikuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya joto kufanya vipimo vya pufya, na katika vipimo vyote hivyo alipatikana mtu mmoja tu, Hans-Gunnar Liljenwall wa Sweden, mshindani wa michezo mitano, aliyekunywa bia ili kutuliza mkono kabla ya kulenga shabaha. Kwamba sheria iliyokuja kuitikisa Kenya nusu karne baadaye ilianza kwa kumnasa Mzungu aliyekunywa bia, siku chache tu kutoka kwenye ushindi wa kwanza wa Mkenya, ni jambo la kuchekesha kidogo, ila linafundisha pia: orodha ya vilivyokatazwa haikuwahi kuwa orodha ya maovu yaliyo wazi, bali makubaliano ya kamati, na kamati hubadili mawazo.

Ubadilishaji huo wa mawazo unastahili mfano mmoja au miwili, kwa sababu wakimbiaji wa kawaida ndio wanaoulipia. Hadi mwisho wa mwaka 2003 kafeini, dutu iliyomo katika chai ambayo Nyamira huchuma na kuuza mwaka mzima, ilihesabiwa kuwa pufya ikizidi mikrogramu 12 kwa mililita ya mkojo. Januari 2004 ikaondolewa. Pseudoefedrini, ambayo hupatikana katika vidonge vingi vya mafua, iliondolewa siku hiyohiyo, kisha ikarudishwa mwaka 2010 ikiwekewa kiwango cha siku ya mashindano. Sindano za glukokotikoidi, jamii ya dawa za kupunguza uvimbe ambazo prednisoloni ni mojawapo, zilikuwa zikiruhusiwa zikidungwa kwenye kiungo kinachouma, hadi Januari 2022 zilipokatazwa siku ya mashindano hata zidungwe wapi. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, ikafuata mwaka 2024. Mtu anayekimbia kwa kujifurahisha, asiye na daktari wa timu wala wakala wa kumsomea waraka mpya kila Januari, anaweza kuamka mwenye hatia bila kubadili chochote kabatini mwake.

Kabati lenyewe lina historia. Kenya ilipata Sheria ya Madawa na Sumu mwaka 1957, iliyounda bodi ya kusimamia wafamasia na kutenganisha dawa zinazouzwa huru na zile zinazohitaji maagizo ya daktari. Kwenye karatasi, hali haijabadilika sana tangu hapo. Nje ya karatasi, vijiji vya Gusii vilikuwa na sababu zao za kununua dawa bila kumuuliza mtu. Malaria ya nyanda za juu, ambayo huzuka kwa ghafla mahali ambapo watu wengi hawana kinga kwa sababu baridi ya kawaida huwazuia mbu, ililipuka Kisii na Nyamira mara kwa mara katika miaka ya 1990, na homa ya usiku wa manane haingoji foleni ya zahanati. Ilitibiwa kwa vidonge vya duka la sukari na mafuta ya taa. Kisha, Desemba 1989, serikali ilianzisha malipo ya kuchangia gharama katika hospitali za umma, sera iliyotokana na masharti ya wakopeshaji, na familia iliyokuwa ikipiga hesabu ya nauli sasa ikapiga hesabu ya kadi, ya kitanda na ya dawa ambayo mara nyingi haikuwapo. Kemisti, kama duka la dawa linavyoitwa Kenya, akawa daktari wa kwanza na mara nyingi wa mwisho.

Namna dawa inavyouzwa hapo inafaa kutazamwa kwa karibu. Mteja hutaja maumivu, si dawa: goti, mgongo, kifua, uchovu. Muuzaji hutoa pakiti, hukata kwa mkasi vidonge vinavyolingana na fedha zilizo mezani, mara sita, mara kumi, huvitia katika bahasha ndogo ya karatasi na kuandika juu yake kwa kalamu 1×3 au 2×2, yaani kimoja mara tatu kwa siku au viwili mara mbili. Jina la dawa lilikuwa limepigwa chapa kwenye kipande cha karatasi ya fedha kilichobaki dukani, na tarehe ya kuisha nayo imebaki huko. Mteja huondoka na tiba isiyo na jina. Kwa mkulima hili si tatizo kubwa mradi maumivu yapungue. Kwa mkimbiaji ni balaa inayosubiri siku yake, kwa sababu hana neno la kutafuta kwenye orodha hata kama angekuwa nayo mfukoni, na kwa sababu dawa ambayo huondoa maumivu ya goti kwa kasi ya ajabu huweza kuwa ile ya jamii ya prednisoloni.

Mwaka 1989, ulioleta malipo hospitalini, ndio ulioleta pia sokoni, kule Marekani, dawa iliyobadili michezo kuliko nyingine yoyote. Erithropoietini, inayojulikana kwa kifupi kama EPO, ni homoni ambayo figo huitoa ili kuuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Iliyotengenezwa maabara ilikusudiwa wagonjwa wa figo ambao miili yao haiitoi tena. Kamati ya Olimpiki iliipiga marufuku mwaka 1990, ila kipimo chake hakikuwa tayari hadi Sydney mwaka 2000. Hii si dawa ya bahasha. Inahitaji kuhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8, hugharimu fedha nyingi na hudungwa kwa awamu, na kwa hiyo mtu anayeitumia amejipangia, tofauti kabisa na mwenzake aliyeingia matatani kwa ajili ya goti. Nandroloni iko katikati ya hao wawili: ni nakala ya maabara inayofanana na homoni ya kiume, huja ikiwa mafuta ya kudunga kwenye msuli, bei yake si ya kutisha, na mabaki yake huweza kuonekana kwenye mkojo kwa miezi mingi, jambo ambalo wanaoiuza hawana haja ya kulisema.

Kilichoziunganisha dawa hizi na mkimbiaji wa kawaida ni fedha. Mwaka 1982 shirikisho la kimataifa la riadha liliruhusu wanariadha kupokea mapato kupitia mifuko ya amana, na mwaka 2001 likaondoa neno ridhaa katika jina lake. Katikati ya tarehe hizo mbio za barabarani za Ulaya, Amerika na Asia zilikuwa zimegeuka soko. Mabingwa walikuwa wachache na walijulikana. Nyuma yao lilikuja kundi kubwa la watu wenye kasi ya kutosha kushinda katika mji usiojulikana lakini isiyotosha kuvaa jezi ya taifa, ambao tikiti ya ndege na malazi mara nyingi hukatwa kutoka kwenye zawadi, hata nafasi ya nne humaanisha kurudi nyumbani na deni. Shinikizo hilo lina uzito wa pekee Gusii. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika eneo dogo lenye msongamano wa watu ulio miongoni mwa mikubwa zaidi vijijini Kenya, ambako shamba la babu limegawanywa kwa wana na wajukuu hadi migomba michache na mistari ya chai ikawa ndiyo urithi wote. Temu alipewa shamba na serikali kwa ajili ya medali yake. Mkimbiaji wa sasa hana hakika ya kurithi hata robo ekari, na mbio ni mojawapo ya njia chache za kununua nyingine.

Kwa muda mrefu Kenya rasmi haikutaka kusikia habari hizi. Taarifa za waandishi wa Ujerumani za mwaka 2012 kuhusu upatikanaji rahisi wa pufya katika miji ya mazoezi zilikanushwa kwa ukali. Ilichukua shinikizo la shirika la kimataifa la kupambana na pufya, WADA, kabla ya bunge kupitisha sheria mwaka 2016 iliyoipa nguvu taasisi ya kitaifa, ADAK, na kuwawekea adhabu za jinai wanaowapa wanariadha dutu zilizokatazwa. Ripoti ya WADA ya Septemba 2018 ilihesabu Wakenya 138 waliopatikana na pufya tangu mwaka 2004, nandroloni ikiongoza, na hitimisho lake ndilo lenye thamani zaidi kwa historia hii: haikukuta mtambo wa siri wa serikali kama ule wa Urusi, bali watu mmojammoja, wasio na elimu ya kutosha kuhusu kanuni, wakihudumiwa na wauza dawa na watu wanaojiita madaktari. Kwa maneno mengine ilikuta kemisti. Mwaka 2022, nchi ilipokuwa karibu kufungiwa kabisa, serikali iliahidi dola milioni tano kila mwaka kwa miaka mitano kwa ajili ya vipimo na elimu, na wimbi la kesi za triamsinoloni, dawa nyingine ya jamii ya glukokotikoidi, likaonyesha tena kwamba tatizo linapita kwenye kaunta ileile ambako vinauzwa vidonge vya kikohozi.

Mjadala huo wote, hata hivyo, ulihusu watu wanaopimwa. Vipimo ni ghali, sampuli za mkojo husafirishwa nje ya nchi, na kikosi cha kupima huwafuata walio kwenye orodha maalumu ya kutakiwa kueleza kila siku walipo. Mwalimu wa shule ya msingi anayekimbia kilomita kumi za hisani hana uwezekano mkubwa wa kugongewa mlango. Historia ya pufya miongoni mwa wakimbiaji wa kujifurahisha kwa hiyo ni historia iliyoandikwa kwa wino hafifu, na mwandishi mwangalifu hana budi kukiri kwamba ukimya wa maabara si ushahidi wa usafi wala wa uchafu. Kwingineko pazia limefunuliwa kidogo: mwaka 2012, mjini New York, waendesha baiskeli wawili wa ridhaa wa umri wa makamo walipatikana na EPO baada ya mashindano ambayo hayakuwa na zawadi ya kumtajirisha mtu, na katika nchi tajiri wapo wanaume wa miaka 50 ambao hupata homoni ya kiume kwa maagizo ya kliniki za kupambana na uzee. Ni rahisi kusema kwamba huko watu hutumia pufya kwa majivuno na Gusii kwa maumivu, na kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyo, ila majivuno nayo hayajui mipaka ya nchi, na mzee aliyewahi kuwashinda vijana wa tarafa nzima hapendi kupitwa na shemeji yake.

Mkongwe ndiye anayefichua vizuri zaidi jinsi kanuni zilivyotungwa bila kumfikiria. Katika riadha mtu huhesabiwa kuwa mkongwe kuanzia miaka 35, na umri huo ndio unaoleta maradhi ambayo dawa zake zimo kwenye orodha. Haidroklorothiazidi, kidonge kidogo cha bei nafuu ambacho kwa miaka mingi kimekuwa miongoni mwa dawa za mwanzo anazopewa mtu mwenye shinikizo la damu nchini Kenya, hukojoza. Kwa kuwa dawa ya kukojoza huufanya mkojo kuwa mwepesi na kuweza kuficha dutu nyingine, imekatazwa wakati wote, ndani na nje ya mashindano. Insulini ya mwenye kisukari imekatazwa. Prednisoloni ya mwenye pumu imekatazwa siku ya mashindano. Hakuna hata moja kati ya hizi inayomfanya mtu wa miaka 60 akimbie kama Temu, na bado kisheria zimekaa meza moja na nandroloni.

Kanuni za WADA zilizoanza kutumika mwaka 2021 zilijaribu kulegeza fundo hili kwa kubuni daraja jipya, la mwanamichezo wa kujiburudisha. Mtu wa daraja hilo akipatikana na dutu halazimiki kuthibitisha jinsi ilivyoingia mwilini ili apunguziwe adhabu, jina lake si lazima litangazwe hadharani, na anaweza kuomba kibali cha matumizi ya tiba, yaani ruhusa ya kutumia dawa iliyokatazwa kwa sababu ya ugonjwa uliothibitishwa, hata baada ya kupimwa. Ni mageuzi ya busara. Lakini yana kipengele ambacho katika nchi ya wakimbiaji kama hii kina uzito usio wa kawaida: mtu aliyekuwa mwanariadha wa ngazi ya kitaifa au kimataifa katika miaka mitano iliyotangulia hahesabiwi kuwa wa kujiburudisha. Mjini Oslo au Chicago kipengele hiki kinawagusa wachache sana. Katika kijiji cha Gusii ambako jirani mmoja aliwahi kukimbia mbio za nyika za taifa na mwingine aliiwakilisha nchi katika mashindano ya kimataifa, mtu anaweza kustaafu akiwa na miaka 38, akapatikana na shinikizo la damu akiwa na miaka 40, akajiunga na mbio za kaunti kwa ajili ya afya kama alivyoshauriwa na daktari, na bado akahukumiwa kwa kipimo cha bingwa.

Anapoitwa kupimwa, utaratibu ni uleule kwa wote. Mkimbiaji huchagua chombo kilichofungwa, hukojoa angalau mililita 90 mbele ya shahidi wa jinsia yake, hugawa mkojo huo mwenyewe katika chupa mbili, A na B, na kuzifunga kwa vifuniko ambavyo haviwezi kufunguliwa bila kuvunjwa. Kisha hupewa fomu. Humo hutakiwa kuandika kila dawa na kila kirutubisho alichotumia katika siku saba zilizopita, kwa jina na kwa kipimo. Bahasha iliyoandikwa 1×1 haijibu swali hata moja kati ya hayo, na mkimbiaji anapoandika tu kwamba ametumia dawa ya presha, kama wengi wa umri wake wanavyoiita, afisa hana la kufanya ila kuyaacha maneno hayo kama yalivyo, kumpa kalamu atie sahihi, na kuziweka chupa kwenye sanduku la safari.